Ganda Lililogoma Kutoka

Kisa chenyewe, cha kuvizia nguruwe, hakikuzidi dakika mbili: usiku wa mwezi kumi na nne, mwezi wa Julai, juu ya dungu katika konde la muhogo huku Kusini Unguja. Ubishi wake umeingia mwezi wa tatu na barazani bado haujesha. Naandika kwa sababu mimi ndiye niliyeitwa nizitazame bunduki zote mbili, na kwa sababu kila anayekihadithia huhadithia nusu yake. Wa upande wa mjomba huanza pale bunduki ya ami ilipokwama. Wa upande wa ami huanza kwenye mkanda wa ngozi. Risasi ya kwanza, iliyoleta balaa lote, haina wa kuitaja.

Mimi si fundi wa silaha. Ni fundi kerezo. Kazi yangu ni shafti za mashine za boti na bushi za gari. Bunduki hizi nilizitazama nyumbani kwa wenyewe, wenyewe wamekaa mbele yangu, na hazikutoka mlangoni kuja kwenye karakana. Karatasi zao zipo sawa, na sheha alikuwa na habari ya dungu tangu mwanzo.

Mjomba aliongoza wawindaji bara zaidi ya miaka 20, Rungwa kisha Selous, akarudi kwao Bwejuu na raifali moja: BRNO ZKK 600, kazi ya Czechoslovakia, kitako cha mti kilichokwishapoteza rangi pale shavu linapolala. Ami yangu ni shemegi yake, na mashemegi hawa wametaniana tangu sijazaliwa. Yake ni ya miaka ya karibuni, kitako cha plastiki nyeusi, mtutu wa ile chuma nyeupe ambayo watu huiita haishiki kutu. Kiwanda chake sitakitaja. Bunduki za muundo ule hutengenezwa na viwanda vingi, na niliyoyaona yangeweza kutokea kwa yoyote kati yao. Zote mbili ni za bolti, yaani unainua mkono wa chuma, unavuta nyuma, ganda linatoka, unasukuma mbele, risasi mpya inaingia. Zote mbili zinakula risasi moja, .30-06, ile ya Wamarekani ya mwaka 1906. Hilo la mwisho ndilo lililowezesha kisa hiki kutokea.

Mtu wa huku atauliza mara moja: raifali kisiwani ya nini? Suala lake ni la haki. Wasasi wetu wamezoea marisau, mbwa, nyavu na mikuki, na wana sababu. Risasi ya .30-06 ikikosa huweza kwenda zaidi ya kilomita 3, na Unguja yenyewe upana wake haufiki kilomita 40, nyumba kila upande. Ukiipiga juu ya mawe ya matumbawe huruka usikokujua. Ndiyo maana lilijengwa dungu, refu kuliko yale ya kuwingia ndege, na likawekwa kwenye kinongo, ule udongo mwekundu, mbali na uwanda wa mawe. Anayepiga kutoka juu anapiga kuelekea chini, na udongo unameza. Na lilijengwa kwa sababu nguruwe walikuwa wamekwishakula robo ya konde, mbwa wamechoka, na watu wa nyavu wanakuja Jumapili tu. Nguruwe hana habari ya Jumapili.

Usiku huo basi, baada ya Isha, mjomba, ami na kijana wa shamba wakapanda. Kusi linavuma kutoka baharini, kile kibaridi cha Julai kinachogandisha mafuta ya nazi ndani ya chupa. Kiasi cha saa sita wakatoka nguruwe watatu, wakaanza kufukua, mita kama 60. Mjomba akapiga dume. Likayumba, halikuanguka. Ami akampiga wa pili, akalala pale pale. Wa tatu akakimbia. Lile dume, badala ya kurudi kichakani, likakata konde likapita chini ya dungu upande wa ami, peupe, mita 25 hazifiki.

Ami akainua mkono wa bolti. Mzito. Akauvuta kwa nguvu zake zote, bolti ikaja nyuma, na hakikuruka kitu. Kwa haraka ile hakuona kwamba ganda la risasi aliyokwishapiga limebaki ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Akasukuma mbele, risasi mpya ikaenda kujigonga kwenye kitako cha lile ganda, ikalala upande. Basi. Si mbele si nyuma.

Bolti ya mjomba nayo ilikuwa nzito. Hili mjomba halisemi mpaka umbane. Aliipiga kwa kiganja kutoka chini, ikainuka, akavuta, ganda likatoka. Lakini mpaka amemaliza hayo na kugeuka upande wa pili wa dungu, dume limeshaingia kichakani. Likafuatwa alfajiri, kwa sababu njia ile ile akina mama hupita kwenda kuokota kuni, na nguruwe aliyejeruhiwa hana masihara. Mbwa walilipata kabla jua halijapanda sana. Mbwa mmoja alichanwa ubavu, akashonwa, amepona. Mjomba alilimaliza kwa risasi moja.

Tangu asubuhi ile msemo wa mjomba ni mmoja: "Nilimwambia, hiyo bunduki ya dukani." Na wa ami ni mmoja: "Risasi za nani?"

Nilianza na ganda, kwa sababu ganda halina shemegi. Tulipokwisha kuitoa ile risasi nzima iliyolala upande, tukalisukuma ganda kutoka mdomo wa mtutu kwa ufito wa shaba. Halikutoka kwa kusukumwa, lilitaka kugongwa. Mwilini lilikuwa na madoa ya kijani yaliyoparuzwa kwa urefu, kama mtumbwi uliovutwa juu ya mawe. Ukingoni, pale ambapo ukucha wa bolti hushika ili kulivuta, palikuwa na kijimeguko kidogo na mkwaruzo unaong'aa. Maana yake ukucha ulishika, ukavuta, kisha ukateleza. Kwa hiyo mwenye kusema ami alivuta kwa woga au hakufikisha bolti nyuma, anamsingizia. Alivuta sawasawa.

Madoa ya kijani yalinipeleka kwenye mkanda. Ni mkanda mzuri, wa ngozi nene, una vitundu 20 vya risasi, mjomba alipewa zawadi na mteja wake Mjerumani. Risasi tano alizotia ami zilitoka humo, kwani kijisanduku chake cha plastiki alikisahau nyumbani na mjomba akamwambia chukua hizi, ni zile zile. Hazikuwa zile zile. Ngozi husindikwa kwa tindikali na chumvi, na shaba ya ganda ikikaa ndani yake muda mrefu huota kutu ya kijani, hasa hewa ikiwa na unyevu. Hewa ya Bwejuu ina unyevu, ina chumvi pia. Mkanda ulining'inia msumarini masika nzima. Wawindaji wa zamani huvaa mkanda kwa siku moja, jioni wakazirudisha risasi kwenye boksi, na mjomba huko bara alifanya hivyo hivyo, ananiambia mwenyewe. Aliporudi pwani akaacha, kwani hapakuwa na safari. Mkanda ukawa pambo lenye baruti.

Kutu hiyo si rangi tu. Ganda likipigwa hutanuka likajibana kwenye ukuta wa chemba, kisha hunywea kidogo, na kule kunywea ndiko kunakolifanya litoke. Ukoko ukiwepo kati ya shaba na chuma, ganda halirudi mahali pake. Ndiyo maana bolti zote mbili zilikuwa nzito usiku ule. Zote mbili, nasisitiza.

Hapo ami alikuwa ameshaanza kucheka. Nikamwomba anioneshe anapoiweka bunduki yake. Akatoa begi gumu la kubebea, ndani sponji. Sponji ile ilikuwa na ubaridi mkononi, kama nguo iliyoanikwa ikaanuliwa mapema. Kila aliyeuza bunduki hiyo humwambia mnunuzi chuma chake hakishiki kutu. Ukweli ni kwamba hukawia. Chuma nyeupe huwa na kromiamu, asilimia 10 na nusu au zaidi, na hiyo hutandaza utando usioonekana unaokinga. Chumvi ya bahari huutoboa utando huo kidogo kidogo, na chuma kikifungiwa ndani ya sponji yenye unyevu utando haupati hewa ya kujiponya. Nikamulika chemba kwa kurunzi ndogo: vidonda, vichache, kama alama za ndui, shingoni mwa chemba na kidogo mwilini. Ganda likitanuka huingia katika vidonda hivyo likashika kama chaza mwambani. Mtutu kwa nje ulikuwa unang'aa kama sufuria mpya. Watu hupangusa kinachoonekana.

Kisha nikautazama ukucha. Kwenye bunduki za namna ya ami, ukucha ni kijipande kidogo kilichopachikwa kwenye uso wa bolti, na hutegemea springi kuruka na kushika ukingo wa ganda. Chini yake nilikuta kitu cheupe, kizito, kimechanganyika na vumbi na vijisehemu vya shaba. Nilikisugua kwa vidole kikayeyuka. Nikanusa. Nikamtazama ami. Mafuta ya cherehani yalimwishia mwezi wa Ramadhani, akapaka ya nazi. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, na kila mwenye nywele katika kisiwa hiki anajua kwamba Julai chupa huwekwa juani kwanza. Ukucha wa ami ulikuwa umeganda usiku ule. Ulishika kwa ncha tu.

Sasa ndiyo tunaweza kusema juu ya miundo, maana mpaka hapa tumesema juu ya watu.

ZKK ya mjomba ni mtoto wa Mauser ya mwaka 1898, ile iliyosanifiwa na Paul Mauser kule Oberndorf, Ujerumani. Wamarekani waliufuata mtindo huo kwenye Springfield yao ya 1903, na viwanda vingi vya bunduki za kuwindia vimeufuata mpaka leo. Alama yake ni ukucha mrefu wa chuma uliolala ubavuni mwa bolti, mpana, usiozunguka bolti inapozunguka. Risasi ikipanda kutoka magazini, yaani kisanduku cha risasi kilicho chini ya bolti, ukingo wake huteleza chini ya ukucha huo kabla haijafika chemba. Ni kama mtoto anayepelekwa chuoni ameshikwa mkono: tangu nyumbani mpaka mlangoni yumo mkononi, na kumrudisha ni mkono ule ule. Bunduki ya ami, na nyingi za leo, humsukuma mtoto mgongoni. Risasi hukaa mbele ya bolti bila kushikwa na kitu, husukumwa mpaka ndani, na ukucha hurukia ukingo wake mwishoni kabisa, bolti inapofungwa. Njia hii ni rahisi kutengeneza. Remington 700, iliyotoka mwaka 1962, ni ya namna hii, na imeuzwa mamilioni. Winchester Model 70 ilianza 1936 ikiwa na ukucha mrefu, ikaachana nao mwaka 1964 ili kupunguza gharama, na wawindaji wakalalama mpaka miaka ya 1990 kiwanda kikaurudisha. Mjomba hupenda kusema barazani kwamba bunduki za Winchester nzuri ni za "kabla ya sitini na nne", na kila akisema hivyo wazee wawili watatu hugeuka kumtazama, kwa kuwa kwetu maneno hayo yana habari nyingine kabisa.

Je, muundo ndio uliomkwamisha ami? Nilijaribu kulijibu hili bila maneno. Kwanza tulisafisha chemba na ukucha wa ami kwa mafuta ya taa na brashi, tukatupa risasi zote za mkandani, na kwa hisani ya wenye uwanja wa shabaha kila mmoja akapiga risasi 20 mpya. Hakuna bunduki iliyogoma hata mara moja. Kwa bunduki safi na risasi safi sikuona tofauti, na yeyote anayesema ameiona kwenye hali hiyo anaona mapenzi yake.

Halafu nikafanya la ufundi wangu. Nilikereza maganda ya bandia ya shaba tupu, hayana baruti wala fataki, mengine ya kipimo, mengine manene kwa unywele, mengine manene zaidi, ili yabane chembani kama lile lililokwama. Ukucha wa mjomba uliyavuta yote. Yale manene kabisa uliyavuta kwa kupigwa kiganja, lakini haukuachia. Ukucha wa ami, ukiwa safi, uliyavuta ya kipimo na yale ya kati bila shida. Kwenye manene kabisa uliteleza, ukaacha kijimeguko kama kile cha ganda la kwanza. Nikaupaka kidogo mafuta yale ya nazi, nikaweka bolti barafuni dakika chache. Ukateleza hata kwenye ya kati.

Kwa hiyo muundo una neno, ila unasema mwisho. Mkanda ulileta ukoko, begi likaleta vidonda, nazi ikafunga ukucha, na baada ya hayo yote ndipo upana wa ukucha ukaamua nani atabaki na bunduki na nani atabaki na rungu. Chukua lolote kati ya matatu ya mwanzo uliondoe, nadhani ami angelipiga dume lile.

Nikiwa nimefika hapo mjomba alikwishaagiza kahawa. Nikamwambia subiri, tutazame na risasi ya kwanza.

Nguruwe mzima, amesimama ubavu, mita 60, mwezi kama mchana, mpigaji mwenye miaka 20 ya kazi. Kwa nini aliyumba tu? Pale uwanjani, kabla ya kurekebisha chochote, nilimwomba mjomba apige tano kwenye karatasi mita 100, bunduki imeegemezwa juu ya gunia la mchanga. Zote tano zilikaa pamoja vizuri, ila pembeni, kulia na juu ya alama, sentimita 11. Kwa mita 60 hiyo ni sentimita 6 na ushei. Moyo na mapafu ya nguruwe si uwanja wa mpira. Ongeza kivuli cha mwezi kidogo na kupiga kutoka juu, umeshatoka pale ulipokusudia. Nikachukua noti, nikajaribu kuipitisha kati ya mtutu na mti wa kitako. Upande wa kulia ilipita. Kushoto ilikwama katikati. Mti ulikuwa umekunywa maji ya masika, ukavimba, ukausukuma mtutu. Kitako cha plastiki cha ami hakikujua kama kulikuwa na masika. Risasi yake moja, nguruwe mmoja.

Mjomba aliitazama ile noti muda mrefu, kisha akauliza kama ni yake.

Ukiniuliza basi mtu wa visiwani achukue ipi, jibu langu litamuudhi kila mmoja wao. Ukucha mrefu, kwa sababu usiku, ukiwa umeshituka, ukavuta nusu ukasukuma tena, haukupandishii risasi mbili kwa pamoja. Na kwa sababu ganda likigoma una cha kulivutia. Lakini nauchukua na kitako kisichokunywa maji, na mtutu uliopewa nafasi pande zote. Zipo bunduki za namna hiyo. Na ukucha mrefu nao una adabu zake: risasi haitiwi chembani kwa vidole, hupitishwa magazini, kwani ukucha wa Mauser halisi haukuumbwa kurukia ukingo, na ukiulazimisha mara kwa mara utavunjika. Kijana wa leo aliyezoea kudumbukiza risasi moja moja atauharibu mwenyewe kisha alaumu Wajerumani. Darubini nimeziacha, usiku ule hakuna aliyekuwa nayo.

Kuhusu kuweka, ami ametupa begi lile, bunduki inakaa wima kabatini, mdomo chini, ili mafuta yasiteremke kwenye bolti, na kila Ijumaa kabla ya sala anaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine. Chemba kwanza, nje baadaye. Kitako cha mjomba nilikipasa msasa kwa ndani mpaka noti ikapita kutoka mwanzo hadi mwisho, tukakipaka vanishi ndani na nje, maana fundi aliyekipaka zamani alipaka nje tu, kinakoonekana.

Juzi nilipita Bwejuu. Mkanda umetundikwa pale pale msumarini, umepigwa dawa ya viatu, unang'aa. Nikaupapasa. Vitundu 18 vitupu, viwili vina risasi. Mjomba, bila kuinua macho kwenye bao, akasema hizo ni za mapambo.